Vidonge, wavu na karatasi ya ndani ya boksi: nani alikuwa anahesabu?

Wadau, tarehe 8 Julai 2020 ilitoka ripoti moja huko London ambayo huku kwetu ilipita kimya kabisa. Si ajabu. Wakati ule korona ilikuwa imemeza habari zote, na nani angekuwa na muda wa kusoma uchunguzi wa Waingereza kuhusu dawa za zamani na operesheni za mkojo? Lakini nimeirudia ripoti ile zaidi ya mara moja, na kila nikiirudia naona inagusa mambo yaliyopo hapa hapa, kwenye duka la dawa la mtaani kwako.

Kwa Kiswahili jina lake tunaweza kulisema hivi: "Kwanza, Usidhuru". Aliyeongoza uchunguzi ni Baroness Julia Cumberlege, mama wa Baraza la Malodi aliyewahi kuwa naibu waziri wa afya miaka ya 1990. Uchunguzi uliagizwa Februari 2018 na waziri wa afya wa wakati huo, Jeremy Hunt, baada ya kelele za miaka mingi kutoka kwa wagonjwa. Timu ikazunguka nchi nzima na kusikiliza watu zaidi ya 700, wengi wao akina mama.

Mambo waliyopewa kuchunguza yalikuwa matatu, na ukiyatazama haraka utasema hayana undugu wowote. La kwanza ni valproeti, dawa ya kifafa ambayo pia hutumika kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ule unaoitwa baipola. La pili ni wavu wa plastiki unaowekwa kwa upasuaji kwa mwanamke anayeshindwa kuzuia mkojo au ambaye kizazi kimeshuka. La tatu ni vidonge vya homoni vilivyotumika zamani kupima kama mwanamke ana mimba. Daktari wa akili, daktari wa mkojo na daktari wa mimba. Idara tatu ambazo hospitalini hata chai hazinywi pamoja.

Sasa swali: mbona ziliwekwa kwenye faili moja? Kwa sababu kisa kilikuwa kimoja. Bidhaa inaingia sokoni, inasaidia watu, akina mama wachache wanaanza kusema kuna kitu hakiko sawa, wanaambiwa ni mawazo tu, na hakuna mtu hata mmoja anayehesabu.

Nianze na vidonge vya mimba kwa sababu ndivyo vya zamani zaidi.

Dawa iliitwa Primodos, ya kampuni ya Schering ya Ujerumani, ambayo baadaye ilinunuliwa na Bayer. Uingereza ilitumika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1978. Mwanamke akichelewa kuona siku zake anapewa vidonge viwili vyenye homoni mbili, za aina ile ile inayotengenezea vidonge vya uzazi wa mpango, ila kwa kipimo kikubwa. Akipata damu ndani ya siku chache, basi hana mimba. Asipopata, hongera mama! Yaani ili kujua kama kuna mtoto tumboni, unampa huyo huyo mtoto homoni. Na kumbuka kwamba kufikia miaka ya 1960 vipimo vya mkojo visivyogusa mwili wa mama vilikuwa vimeshapatikana. Inakadiriwa wanawake wapatao milioni 1.5 walitumia vidonge hivyo Uingereza pekee. Baadhi yao walipewa na daktari moja kwa moja kutoka kwenye droo ya meza yake, bila cheti wala kuandikwa popote.

Mwaka 1967 daktari mmoja mzaliwa wa Hungary, Isabel Gal, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya watoto, aliona jambo. Alikuwa akiwachunguza watoto waliozaliwa na mgongo wazi, akawauliza mama zao walitumia nini mwanzoni mwa ujauzito, akalinganisha na akina mama wengine ambao watoto wao walikuwa wazima. Kundi la kwanza lilikuwa na wengi zaidi waliomeza vidonge vya kupimia mimba. Akaandika kwenye jarida la Nature. Norway na Sweden zilichukua hatua mwaka 1970. Uingereza onyo rasmi lilikuja 1975, na dawa ikaondoka sokoni 1978. Miaka kumi na moja baada ya Gal!

Hapa lazima niwe mkweli kwa wasomaji wangu, kwa sababu kuna watu mtandaoni wanaisimulia habari hii kana kwamba imeshathibitishwa kila kitu. Haijathibitishwa. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa serikali lilisema ushahidi hautoshi kusema Primodos ilisababisha ulemavu. Mwaka 2018 watafiti wa Oxford walizikusanya tafiti zile zile za zamani, wakazipiga hesabu upya, wakasema uhusiano upo. Mei 2023 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaifuta kesi ya familia hizo. Kwa hiyo mpaka leo ukweli wa kisayansi una mgogoro.

Lakini jiulize, mgogoro huo unatoka wapi? Unatoka kwenye droo ya meza ya daktari. Kama kila mama aliyepewa vidonge vile angeandikwa kwenye daftari, na kila mtoto akaandikwa, leo tusingekuwa tunabishana. Hesabu ingekuwa imeshatoa jibu miaka hamsini iliyopita, ama la kuilaumu dawa ama la kuisafisha. Kampuni inasema hakuna ushahidi, na ni kweli hautoshi, maana hakuna aliyeuweka. Timu ya Cumberlege haikusema dawa ilileta ulemavu. Ilisema kwamba kwa bidhaa ambayo haitibu chochote, wasiwasi ule wa 1967 ulitosha kuiondoa. Mimi nakubaliana nao. Dawa ya kutibu ugonjwa unaweza kuivumilia na hatari zake. Kipimo chenye mbadala salama, unakivumilia kwa ajili ya nini?

Valproeti ni kisa kigumu zaidi, kwa sababu yenyewe inatibu. Tena inatibu vizuri.

Uwezo wake wa kuzuia degedege uligunduliwa Ufaransa mwaka 1962, karibu kwa bahati, kwani watafiti walikuwa wakiitumia kama kimiminika cha kuyeyushia dawa nyingine. Ikaanza kuuzwa huko 1967 kwa jina la Depakine, na Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa jina la Epilim. Baadaye madaktari wa akili wakaona inamtuliza mgonjwa wa baipola aliyepanda, yule asiyelala siku tatu, anayegawa mali na kupanga kununua meli. Marekani iliiruhusu rasmi kwa kazi hiyo mwaka 1995. Kuna watu leo wako kazini na wanalea familia kwa sababu ya dawa hii, na hilo lisisahaulike.

Tatizo ni ujauzito. Mwaka 1982 daktari Elisabeth Robert kule Lyon alitoa taarifa kwamba kati ya watoto wenye mgongo wazi, waliokuwa na mama anayetumia valproeti walikuwa wengi kupita kawaida. Tangu hapo ushahidi umejaa. Mama akitumia valproeti akiwa mjamzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, wakati kwa wanawake kwa ujumla ni 2 au 3 kati ya 100. Na hiyo ni sehemu inayoonekana kwa macho. Ile isiyoonekana ni kubwa zaidi: watoto 30 hadi 40 kati ya 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili, kuchelewa kutembea na kuongea, shida ya kujifunza, wengine usonji. Utafiti wa Marekani na Uingereza uliochapishwa 2009 ulipima watoto wa miaka mitatu ambao mama zao walitumia dawa mbalimbali za kifafa. Wa lamotrijini walipata wastani wa alama 101 za kipimo cha akili, wa fenitoini 99, wa kabamazepini 98. Wa valproeti, 92.

Haya, sasa sikiliza sehemu inayouma. Nyaraka za serikali ya Uingereza zilizofukuliwa na familia zinaonyesha kwamba mwaka 1973, dawa ikiwa ndiyo kwanza inaingia, kamati ya usalama wa dawa ilikuwa na habari ya hatari kwa mimba kutokana na majaribio ya wanyama. Ikaamua madaktari waambiwe, lakini onyo lisiwekwe kwenye karatasi ya ndani ya boksi ambako wagonjwa wenyewe wangeliona. Eti wasije wakapata hofu. Yaani mama mwenye tumbo asiogopeshwe, aogope baadaye akiwa na mtoto mkononi!

Matokeo yake ni yapi? Ufaransa, ambako mama mmoja, Marine Martin, alianzisha chama cha waathirika mwaka 2011 na kuwapeleka wenye dawa mahakamani, serikali ililazimika kupiga hesabu. Mwaka 2017 ikatoa makadirio: watoto kati ya 2,150 na 4,100 walizaliwa na kasoro kubwa za maumbile tangu 1967. Mwaka uliofuata ikaongeza makadirio ya wenye matatizo ya ukuaji wa akili: kati ya 16,600 na 30,400. Angalia upana wa namba hizo, wadau. Nchi tajiri, yenye bima ya afya kwa kila raia, haiwezi kusema kama ni elfu kumi na sita au elfu thelathini. Hawakuhesabu wakati inatokea, sasa wanakadiria kwa nyuma.

Mwaka 2018 Ulaya iliweka masharti makali: mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe valproeti ila kama dawa nyingine zimeshindikana na yuko kwenye mpango maalumu wa kuzuia mimba. Januari 2024 Uingereza ikazidi: mgonjwa yeyote wa chini ya miaka 55, mwanamke au mwanamume, asianzishiwe mpaka madaktari bingwa wawili wakubaliane. Ndiyo, na wanaume wamo. Mwezi huo huo mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitahadharisha kwamba baba aliyetumia dawa hii ndani ya miezi mitatu kabla ya mimba kutungwa huenda naye anaongeza hatari kidogo, kama watoto 5 kati ya 100 badala ya 3. Utafiti huo bado una mjadala, lakini tahadhari imetolewa.

Kuhusu wavu nitasema kwa kifupi kidogo, ingawa ndio uliogusa watu wengi.

Mwanamke akishazaa mara kadhaa, au umri ukisogea, misuli inayoshikilia kibofu hulegea. Akikohoa, akicheka, akibeba ndoo, mkojo unaponyoka. Zamani dawa yake ilikuwa operesheni kubwa ya kupasua tumbo. Katikati ya miaka ya 1990 Profesa Ulf Ulmsten wa Sweden na wenzake wakaja na njia ya mkato: utepe mwembamba wa wavu wa plastiki unapitishwa chini ya mrija wa mkojo na kuushikilia kama machela. Nusu saa, mgonjwa anarudi nyumbani. Kwa wengi ilifanya kazi, na wengine bado wanashukuru. Uingereza, kwenye hospitali za umma za England peke yake, zaidi ya wanawake 100,000 waliwekewa tepe hizo kati ya 2008 na 2017.

Kwa wengine plastiki ilikata nyama, ikatokeza ukeni, ikaleta maumivu yasiyoisha, ndoa zikavunjika. Na kuutoa? Wavu umeumbwa ili nyama iote ndani yake. Kuutoa ni kama kung'oa mizizi iliyoingia kwenye ukuta wa gofu, mzizi unatoka na mawe yanakuja nao.

Kilichonishangaza mimi ni jinsi ulivyoruhusiwa Marekani. Sheria yao inasema kifaa kipya kikifanana na kilichopo sokoni hakihitaji majaribio marefu. Mwaka 1996 iliruhusiwa tepe moja iitwayo ProteGen. Mwaka 1998 tepe ya Ulmsten ikaruhusiwa kwa hoja kwamba inafanana na ProteGen. Januari 1999 ProteGen ikaondolewa sokoni kwa kudhuru wagonjwa. Mzazi kafukuzwa, mtoto aliyeingia kwa cheti cha mzazi akabaki, akazaa wengine! Mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuuza nyavu zinazopitishwa ukeni kwa ajili ya kizazi kilichoshuka. Tepe za mkojo hazikuguswa na marufuku hiyo. England ilisimamisha operesheni hizi Julai 2018. Australia, kampuni ya Johnson & Johnson ilikubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 300 za huko kumaliza kesi za wanawake.

Na timu ya Cumberlege ilipouliza hospitali na wizara, jamani ni wanawake wangapi wameumia, hakuna aliyeweza kujibu. Hapakuwa na rejista. Gari likiwa na breki mbovu kiwanda kinajua kila gari liko kwa nani. Plastiki ndani ya mwili wa mama wa watu, hakuna anayejua.

Najua kuna mdau ataandika hapa chini: "Bwana, hayo ni ya wazungu, sisi tuna malaria na hospitali hazina hata glovu." Sawa, lakini twende taratibu.

Valproeti ipo kwetu. Iko kwenye hospitali za rufaa, iko kwenye maduka ya dawa Dar, Mombasa, Kampala, kwa majina ya kampuni mbalimbali, nyingi za India. Kifafa nacho kipo kwa wingi Afrika kuliko Ulaya, kwa sababu ya majeraha ya kuzaliwa, malaria ya kichwani na minyoo ya tegu wa nguruwe. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitamka wazi kwamba valproeti isitumike kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba, iwe kwa kifafa au kwa baipola, kwa sababu ya madhara kwa mtoto. Tamko ni la dunia nzima. Sasa lishuke vipi mpaka zahanati ya kijijini? Huko mara nyingi anayeandika dawa ni tabibu au muuguzi mwenye foleni ya watu sitini, na dawa mbadala kama lamotrijini ama haipo ama bei yake haishikiki.

Halafu tuna hospitali kama MOI pale Muhimbili, zinazofanya operesheni kwa watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa. Nisieleweke vibaya: sababu kubwa inayojulikana ya mgongo wazi ni upungufu wa foliki asidi kwa mama kabla na mwanzoni mwa ujauzito, na siwaambii kwamba dawa ndiyo imejaza wodi. Ninachouliza ni kimoja. Mama anapofika na mtoto huyo, kuna mstari kwenye fomu unaouliza alikuwa anatumia dawa gani mimba ilipotungwa? Swali hilo hilo ndilo alilouliza Isabel Gal mwaka 1967, na Elisabeth Robert mwaka 1982. Halikuhitaji mashine. Lilihitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kuandika.

Tena tusijidharau, kwamba sisi hatuwezi kuhesabu. Tunaweza, na ushahidi ni wavu huo huo. Mwaka 2016 jarida la New England lilichapisha utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda. Wanaume 302 wenye ngiri ya kinena waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakawekewa wavu wa hospitali unaouzwa zaidi ya dola mia moja, nusu wakawekewa wavu wa plastiki wa aina ya chandarua, uliosafishwa vizuri, wa takriban dola moja. Ungetegemea nini? Baada ya mwaka mmoja tofauti ya maana haikuonekana. Lakini kwa hoja yangu ya leo, cha muhimu ni kwamba baada ya mwaka mmoja watafiti waliwafuata vijijini na kuwapata karibu wote. Vijijini Uganda! Wakati England, yenye kompyuta kila kliniki, ilishindwa kujua wanawake wake waliowekewa tepe wako wapi na wana hali gani. (Chandarua cha nyumbani usikiguse kwa kazi hiyo, tafadhali. Ule uliandaliwa kitaalamu.)

Mfano mwingine wa kwetu: hospitali ya CCBRT Dar es Salaam hutibu fistula, ule ugonjwa wa tundu linalotokea kwenye kibofu kwa uchungu wa kuzaa uliochukua siku mbili tatu bila msaada. Kwa miaka mingi wagonjwa wametumiwa nauli kwa M-Pesa ili wafike hospitalini kutoka mikoani. Ni ubunifu mzuri sana. Sasa hata baada ya tundu kuzibwa vizuri baadhi ya wanawake bado huvuja mkojo, kwa kuwa misuli imeharibika, na hawa ndio ambao daktari anaweza kushawishika kuwatafutia mbinu nyingine. Kama simu iliweza kumtumia nauli, simu hiyo hiyo inaweza kumuuliza baada ya mwaka: mama, unaendeleaje, unakaa mkavu? Kila hospitali inayoweka kitu ndani ya mwili wa mtu ingeweza kufanya hivyo kwa gharama ya ujumbe mfupi.

Kabla sijamaliza niseme na kipimo cha kisasa, kwa sababu biashara ya kupima mimba haikufa na Primodos. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake waligundua kwamba vinasaba vya mtoto aliye tumboni vinaelea kwenye damu ya mama yake. Tangu 2011 kinauzwa kipimo: mama anatoa damu mkononi tu, maabara inaangalia kama mtoto ana tatizo la kromosomu, kama mtindio wa ubongo wa Down. Kwa Down kipimo ni kizuri kweli. Hakimdhuru mtoto. Nairobi kuna maabara binafsi zinazopokea damu na kuituma nje ya nchi.

Tatizo lilikuja pale kampuni zilipoanza kuongeza magonjwa adimu kwenye orodha, maana orodha ndefu inauzika. Piga hesabu nami, huu ni mfano wa kufikirika tu. Ugonjwa unampata mtoto 1 kati ya 10,000. Kipimo kinakosea mara 1 tu kwa kila 1,000. Ukipima akina mama 10,000, utampata yule mmoja mwenye ugonjwa, na utawashtua wengine kama kumi wasio na kitu. Kwa hiyo ukiambiwa umeonekana nao, uwezekano mkubwa ni kwamba huna! Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilichunguza vipimo vya magonjwa adimu vya aina hiyo na kukuta majibu ya "upo" yalikuwa ya uongo mara 85 hivi kati ya 100. Aprili ya mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa tahadhari: usiamue lolote kuhusu mimba kwa kipimo hiki peke yake, lazima kithibitishwe kwa kipimo kingine. Mama mjamzito anayelipia kipimo hiki ana haki ya kuambiwa hesabu hiyo kabla hajatoa pesa. Ni karatasi ile ile ya ndani ya boksi, imevaa nguo mpya.

Huko Uingereza mambo yameishia wapi? Serikali iliomba radhi 2020. Mwaka 2022 iliteua kamishna wa kwanza wa usalama wa wagonjwa, Dkt. Henrietta Hughes. Februari 2024 Hughes akapendekeza malipo ya kuanzia: pauni 100,000 kwa waliodhurika na valproeti, pauni 20,000 kwa wenye wavu. Primodos haikuingizwa kwenye kazi aliyopewa. Mwaka mzima baadaye, Februari 2025, familia zilikuwa bado zinasubiri jibu la serikali. Kuomba radhi ni bure, kulipa ndiyo shughuli.

Kwa dada yeyote anayesoma hapa na anatumia valproeti, au ana ndugu anayetumia, naomba hili lisomwe mara mbili: USIACHE DAWA GHAFLA. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo linaloua, au baipola ikarudi kwa nguvu. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, muulize kwa sauti: dawa hii ikoje kwa ujauzito, kuna nyingine inayonifaa, na nitumie uzazi wa mpango gani mpaka tukubaliane? Kama tayari una mimba, nenda wiki hii hii, na dawa endelea nayo mpaka akuelekeze.

Na kwa TMDA na wenzao wa Nairobi na Kampala nina jambo moja. Tangu Oktoba 2023, mfamasia wa Uingereza haruhusiwi kugawa boksi la valproeti, isipokuwa kwa hali chache maalumu. Lazima alitoe zima, kwa sababu onyo limechapishwa juu ya boksi na karatasi iko ndani. Sasa kwetu nani hajui mambo ya mkasi? Unafika dukani una shilingi elfu mbili, unasema nikatie kumi, muuzaji anakata pakiti, anaviweka kwenye bahasha ya kaki, anaandika 1x2. Boksi na karatasi yake vinabaki dukani, na hata vingetoka, vimeandikwa Kiingereza. Kukataza mkasi hatuwezi, watu hawana hela ya boksi zima, na kukosa dawa ya kifafa nako kunaua. Basi onyo lichapishwe nyuma ya kila kidonge, kwenye ile karatasi ya fedha yenyewe, ili mkasi ukipita popote libaki. Picha ya mama mjamzito iliyopigwa mstari, na maneno manne ya Kiswahili: hatari kwa mtoto tumboni. Kiwanda kinachochapa jina lake mara kumi kwenye pakiti moja hakiwezi kukosa nafasi ya maneno manne.